Shilingi mia tano za habari: zilipwe wapi?

Tuseme kila mwezi, kodi ya nyumba ikishalipwa na unga ukishanunuliwa, unabakiwa na shilingi 500 za Kenya ambazo uko radhi kuzitoa ili upate habari za kuaminika. Ukizipeleka kwa muuza magazeti, zitakupa nakala nane za Daily Nation kwa shilingi 60, bei ambayo gazeti hilo limeishikilia kwa miaka mingi, na chenji ya shilingi 20. Nakala nane hazimalizi hata wiki mbili. Siku zilizosalia utafanya kama wengine: utasoma vichwa vya habari ukiwa umesimama kibandani, utamsihi muuzaji akukodishe nakala kwa nusu saa, au utasubiri redio ikusomee magazeti asubuhi.

Ukizipeleka kwenye simu, hesabu inageuka kabisa. Nation Media Group ilipoanza kuwatoza wasomaji wa Nation.Africa mwaka 2021, wiki nzima iliuzwa kwa shilingi 50, pungufu ya nakala moja ya karatasi. Bei za mtandaoni hupanda, hushuka na kujificha nyuma ya ofa, kwa hiyo soma ukurasa wa malipo wa siku hiyo kabla ya kutuma chochote. Lakini sababu ya unafuu ni ileile: hakuna karatasi, hakuna wino, hakuna lori la usiku wa manane kwenda Garissa, wala mafungu ya nakala zinazorudi bila kuuzwa.

Kwa mnunuzi hiyo ni nafuu tupu. Kwa chumba cha habari ni mtihani. Mwandishi aliyetumwa Turkana anakula, analala na kupanda gari kwa bei ileile, asomwe kwenye karatasi au kwenye kioo cha simu. Zamani tofauti ililipwa na matangazo: benki, kampuni za simu, zabuni za serikali, nafasi za kazi. Matangazo hayo yamehamia Google na Facebook, na yale ya serikali yana mkono unaoweza kuyafunga. Machi 2024 matangazo ya redio na televisheni ya mashirika ya umma Kenya yaliamriwa yaende KBC, shirika la utangazaji la serikali, peke yake, amri iliyoishia mahakamani. Nation Media Group yenyewe, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote katika ukanda huu, ilitangaza hasara mwaka 2023 na tena 2024. Ukiona chombo cha ukubwa huo kinapunguza wafanyakazi, usishangae tovuti ya watu sita inapokuomba mchango kila unapofungua ukurasa.

Basi ulipe wapi? Watu wengi hujibu: kwa nini nilipe, wakati habari ziko bure? Swali ni zuri, ila bure ziko aina kadhaa na kila moja ina mlipaji wake.

Bure ya kwanza ni ya wizi, na tuitaje jina lake. Ni ile PDF ya gazeti zima inayotua kwenye kundi la WhatsApp kabla jua halijachomoza, mara nyingi ikiwa imetumwa na mjomba anayeongoza maombi kanisani au anayeadhini msikitini. Inakugharimu bando tu. Haimlipi mwandishi, mhariri wala mpiga picha. Sina mengi ya kusema juu yake, isipokuwa kwamba wapo waliouona mtindo huo wakaufanyia kazi badala ya kuulaani. Aprili 2020, huko Afrika Kusini, Simon Allison na Sipho Kings walianzisha The Continent, gazeti la kila wiki lililopangwa tangu mwanzo liwe PDF ya kupokezana kwa WhatsApp, bila kulipiwa. Kulisambaza ni ruhusa, na ni jambo wanalokuomba ulifanye. Anayelipa ni mfadhili.

Bure ya pili ni ya kodi ya watu wengine, na msomaji wa Kiswahili amelelewa humo kuliko anavyodhani. BBC imekuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu 1957, na gharama yake inabebwa kwa sehemu kubwa na kaya za Uingereza, ambazo ada yao ya mwaka ilipanda hadi paundi 174.50 Aprili 2025, pamoja na ruzuku ya Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo. DW Kiswahili inalipwa na mlipakodi wa Ujerumani, RFI Kiswahili na wa Ufaransa, na Radio China Kimataifa na serikali ya Beijing. Wanahabari wengi hodari wa lugha hii wamepita katika idhaa hizo, na kazi yao si ya kubezwa. Lakini mteja asiyelipa hana sauti siku duka linapofungwa. Idhaa ya Kiswahili ya Sauti ya Amerika (VOA) ilikuwa hewani tangu 1962. Machi 2025, baada ya amri ya Rais Donald Trump, wafanyakazi wa VOA walipewa likizo ya lazima na matangazo yakakatika. Msikilizaji wa Kigoma au Bukavu aliyeizoea sauti ile hakuulizwa, kwa kuwa hakuwa mlipaji.

Bure ya tatu ni ya wafadhili: mashirika ya Ulaya na Marekani yanayotoa ruzuku kwa tovuti huru za hapa kwetu. Nayo ni ya kushukuru, ila ina tarehe ya mwisho. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje, vyombo huru katika nchi nyingi viliona fedha zikikatika kazi ikiwa njiani. Tena mfadhili ana mada zake. Mwaka huu ni tabianchi, mwakani ni habari potofu, na mwandishi hujifunza kuandika kuhusu maji taka ya mtaa wake kwa namna itakayoingia kwenye fomu ya maombi.

Ukishaziona hizo, ndipo kulinganisha bei kunapokuwa na maana. Na hapa nina ubishi na namna tulivyozoea kulinganisha. Tunauliza: kwa shilingi 150, nitasoma makala mangapi? Hilo ni swali la bando. Swali linalomsaidia mnunuzi ni jingine: habari hii ina thamani zaidi nikiijua peke yangu, au wote wakiijua?

Ziko habari za aina ya kwanza. Bei ya hisa, sheria mpya ya kodi, zabuni iliyotangazwa jana, uchambuzi wa soko la chai la Mombasa. Mfanyabiashara anayeijua saa mbili kabla ya mwenzake anafaidika, na anaweza kuilipia bila kuumia. Ndiyo maana Wall Street Journal limekuwa likiwatoza wasomaji wa mtandaoni tangu miaka ya 1990, wakati ambapo magazeti mengine mengi yalikuwa yakigawa bure, na Financial Times likafuata njia hiyo mapema. Kama shughuli zako ni za namna hiyo, lipia gazeti la biashara na uliingize kwenye matumizi ya kazi.

Habari za aina ya pili ni kama ile ya mbolea. Machi 2024, Africa Uncensored, kundi la uchunguzi lililoanzishwa na John-Allan Namu na wenzake mwaka 2015, lilionyesha kwamba mbolea bandia ilikuwa imeingizwa katika mpango wa ruzuku wa serikali ya Kenya na kuuzwa kwa wakulima kupitia maghala ya umma. Hebu fikiria thamani yake kwa mnunuzi wa kawaida kabisa. Bei ya serikali ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku ilikuwa shilingi 2,500. Mkulima wa ekari mbili anayenunua mifuko michache ametumbukiza humo karo ya muhula, na hasara halisi haionekani dukani. Inaonekana miezi baadaye, mahindi yanapokuwa ya njano yakiwa magotini. Baada ya uchunguzi ule serikali iliahidi kuwafidia waliouziwa, na Bunge likaletewa hoja ya kumng'oa Waziri wa Kilimo. Kamati teule ikamwondolea waziri lawama. Hilo ni la wanasiasa. Kwa mkulima, jambo lililobadilika ni kwamba alijua aukague mfuko.

Kazi hiyo ingefaa nini kama ingefungiwa nyuma ya lango la malipo? Mkulima wa Trans Nzoia hakuwa amewalipa wanahabari wale hata senti, na ilikuwa lazima ajue. Habari kama hiyo hupungua thamani kila unapomzuia mtu kuisoma. Wakati huohuo ni ghali kuliko nyingine zote: sampuli za maabara, safari, wakili wa kusoma kila sentensi kabla haijatoka, na wiki nyingi za kufuata fununu ambazo mwishowe hazizai kitu. Hakuna anayeweza kukuuzia fununu iliyokufa, lakini mtu lazima alipwe kwa kuifuata.

Hapo ndipo mchango wa hiari unapokuwa bidhaa bora kuliko usajili, ingawa kwa mnunuzi unafanana na sadaka. Unalipa ili mwingine asome. Guardian la London limejengwa hivyo: makala yako wazi, na msomaji anaombwa achangie kiasi apendacho. Lina bahati ya kumilikiwa na Scott Trust, mfuko ulioanzishwa 1936, lakini pia lina zaidi ya wasomaji milioni moja wanaolipa bila kulazimishwa. Karibu nasi zaidi, Daily Maverick la Afrika Kusini lilianzisha uanachama wa Maverick Insider mwaka 2018, mwaka mmoja baada ya kushiriki kufichua barua pepe za familia ya Gupta, matajiri waliotuhumiwa kuitia serikali mfukoni. Mwanachama anajipangia kiasi, na asiyelipa anasoma uchunguzi uleule.

Mfano unaonipinga upo, na ni vyema niutaje. Mediapart ya Ufaransa, iliyoanzishwa na Edwy Plenel na wenzake mwaka 2008, inatoza kila msomaji, haina tangazo hata moja, na inaishi kwa uchunguzi. Desemba 2012 ilifichua kwamba Jérôme Cahuzac, waziri wa bajeti aliyekuwa akiwinda wakwepa kodi, alikuwa na akaunti ya siri Uswisi; Machi mwaka uliofuata alijiuzulu. Leo ina wasajili zaidi ya laki mbili na inapata faida. Lango la malipo halikuizuia habari kufika, kwa sababu televisheni na magazeti mengine ya Ufaransa yaliirudia kila kukicha. Je, redio zetu zingeirudia habari ya tovuti ndogo inayomgusa mteja wao mkubwa wa matangazo? Ukijibu ndiyo, usajili unatosha. Mimi sijibu ndiyo.

Tanzania hesabu ina gharama nyingine ambayo msomaji haioni kwenye risiti. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliitaka tovuti au blogu ilipe shilingi 100,000 za Tanzania kwa maombi, milioni moja kwa leseni ya kwanza na milioni moja kwa mwaka. Zilipunguzwa baadaye, lakini chukua hesabu ya mwaka ule: kama kila msomaji angechangia shilingi 2,000, tovuti ilihitaji wachangiaji 1,050 kulipia leseni tu, kabla ya kununua hata kalamu. Juu yake kuna hatari ya kufungwa. Oktoba 2024 Mamlaka ya Mawasiliano ilisimamisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications, wachapishaji wa Mwananchi, The Citizen na Mwanaspoti. Septemba 2025 ikawa zamu ya jukwaa la mijadala la JamiiForums, kwa siku 90. Mnunuzi anayelipa mwaka mzima kwa mkupuo ili apate punguzo la bei anapaswa kuuliza jambo ambalo Oslo hakuna anayeliuliza: wakizimwa miezi mitatu, pesa yangu itakuwa wapi? Kwa sababu hiyo, Tanzania ningelipa mwezi kwa mwezi hata kama ni ghali kidogo.

Nimeitaja Oslo kwa makusudi. Ripoti ya Taasisi ya Reuters ya mwaka 2024 ilikuta kwamba katika nchi 20 tajiri wanaolipia habari za mtandaoni ni asilimia 17 hivi, na Norway inaongoza kwa 40. Kama watu wa nchi zenye mishahara ile wanafika hapo tu, tusijidanganye kwamba Nairobi, Arusha na Goma zitafika 30 kesho.

Wengine husema dawa ni kuuza makala moja moja. Nina M-Pesa, niuzie hii moja kwa shilingi tano niende zangu. Kwa masikio ya mteja hakuna kinachovutia kuliko hiki, na Kenya mazingira yapo: kutuma shilingi 100 kushuka chini kwa M-Pesa hakuna ada. Waholanzi walijaribu kabla yetu. Blendle ilianza 2014, ikauza makala ya magazeti makubwa kwa senti kadhaa za yuro, hata ikarudisha pesa kama makala hayakukuridhisha. Mwaka 2019 iliachana na mtindo huo ikahamia usajili. Uchovu wa kuamua kila mara ni gharama pia. Halafu duka la makala moja moja litauza zaidi talaka ya msanii kuliko ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na mhariri mwenye njaa ataujua ukweli huo wiki ya kwanza. Kwa mnunuzi mmoja mmoja si vibaya: kama unahitaji makala matatu kwa mwezi, pasi ya siku moja, inapokuwepo, ni nafuu kuliko mwezi mzima.

Usajili wa kigeni je? New York Times liliweka lango Machi 2011, na mwisho wa 2023 lilikuwa na wasajili zaidi ya milioni 10. Lakini soma wananunua nini. Ndani ya furushi kuna mapishi na michezo ya maneno, ikiwemo Wordle iliyonunuliwa 2022. Wapo wanaolipa bila kugusa habari za Gaza wala za Washington. Ofa ya kuanza ni dola moja kwa wiki, inayopanda baadaye hadi dola 25 kwa wiki nne. Angalia vizuri hiyo “wiki nne”. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo utakatwa mara 13, si 12, na jumla ni dola 325. Dola moja ikiwa shilingi 129, kila mkato ni zaidi ya shilingi 3,200 za Kenya, bila makato ya benki. Kwa mtu wa 500, hilo si chaguo, na hata kwa mwenye uwezo ningemwambia asubiri: gazeti hilo lina wenyewe wengi wa kulitunza. Shilingi 3,200 hazitasikika huko. Katika tovuti ya Dar es Salaam au Kisumu ni nauli ya mwandishi kwenda mahakamani wiki nzima.

Kwa hiyo mimi ningezigawa hivi. Kati ya 150 na 200 ningelipia chombo kimoja cha kila siku kinachotuma mtu kaunti, mahakamani na bungeni, kwa kuwa habari ya kila siku ikikosa mlipaji uchunguzi nao hukosa pa kuanzia. Fununu nyingi kubwa hutoka kwa mwandishi mchanga aliyekaa kikaoni hadi mwisho. Shilingi 300 ningezipeleka kama mchango kwa kundi moja la uchunguzi lililo wazi kwa wote. Kenya kuna Africa Uncensored, na kuna The Elephant ya John Githongo kwa wapendao tahakiki ndefu. Tanzania kuna The Chanzo, inayoandika Kiswahili na Kiingereza. Kimoja tu. Mchango wa shilingi 50 kwa watu sita unakufariji wewe kuliko unavyowasaidia wao, kwa sababu kila mmoja anahitaji kujua mwezi ujao atakuwa na nini.

Kabla ya kutuma, kagua mambo ambayo ungekagua ukinunua friji. Je, majina ya wamiliki na wahariri yamewekwa wazi? Wanasema fedha nyingine zinatoka wapi? Wanasahihisha makosa hadharani au makala hubadilika usiku kimyakimya? Makala yaliyolipiwa na mtangazaji yana alama? Na je, mwaka uliopita walichapisha kitu chochote ambacho mwenye nguvu hakukipenda? Swali la mwisho ndilo ninaloliamini zaidi, maana tovuti inaweza kuwa na ukurasa maridadi wa maadili na isiwahi kumuudhi mtu.

Kiswahili kina tatizo lake katika soko hili. Uchunguzi mwingi unaofanywa Nairobi huandikwa kwanza kwa Kiingereza, kwa sababu mfadhili na msajili wako huko, kisha muhtasari wake, ukipatikana, ndio huja kwa Kiswahili. Mkulima wa mbolea alikuwa akisimuliwa habari yake na watoto wake. Taifa Leo, gazeti la kila siku la Kiswahili Kenya, limebeba mzigo huu karibu peke yake kwa miongo mingi. Mchangiaji ana haki ya kuuliza, katika barua pepe ya mistari miwili, shilingi 300 zake zimeleta makala mangapi katika lugha anayosoma mama yake. Vyombo vidogo husoma barua hizo. Vina wachangiaji wachache mno kuzipuuza.

Lililobaki ni namna ya kulipa, ambapo pesa nyingi hupotelea. Ukilipa kwa kadi, karibu kila usajili hujirudia wenyewe mpaka uukatize, na kitufe cha kukatiza huwekwa mbali na kile cha kununua. Weka kikumbusho siku mbili kabla ofa haijaisha. Ukilipa kwa M-Pesa, Tigo Pesa (sasa Mixx by Yas) au Airtel Money, mara nyingi hakuna kujirudia, jambo linalokulinda wewe na kuwaumiza wao: msomaji mwema husahau, na mwezi unapita. Ukiweza, jiwekee siku moja ya mwezi, baada ya mshahara, utume mwenyewe. Jamaa walioko Muscat, Leicester au Minneapolis wako upande wa pili. Wana kadi, na dola tano zao ni kama shilingi 645, kubwa kuliko bajeti nzima tuliyoanza nayo. Lakini kurasa nyingi za michango za Afrika Mashariki hupokea ama simu tu ama kadi tu. Inayopokea kadi peke yake imemfungia mlango mwalimu wa Kilifi, na inayopokea simu peke yake imemfungia dada yake aliyeko Oman, ambaye angelipa kila mwezi bila kukumbushwa.